TUYAPIME MANENO KABLA YA KUJIBU

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wazee wa wanafunzi, walimu na watumishi wa Serikali





Niliyotakiwa kuyazungumza ni namna sisi tulio nje ya darasa tunavyoweza kuwasaidia vijana wetu wanaojitayarisha na mitihani. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kuandika taarifa na matangazo, na katika kazi hiyo nimejionea mara nyingi jinsi neno moja dogo linavyoweza kumpoteza msomaji. Kwa hivyo nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni kuyapima maneno kabla ya kujibu.

Nilipokuwa sekondari tulifanyishwa mtihani wa Historia. Suali moja lilitutaka tueleze matokeo ya tukio fulani. Mimi nilikuwa nimezihifadhi sababu za tukio hilo, zote sita, kwa mpangilio wake. Nilipoliona jina la tukio nilifurahi, nikajaza kurasa tatu za sababu. Suali lile nilipata sifuri. Nyumbani nikaambiwa kuwa sikusoma. Kwa hakika nilisoma sana. Nisilolisoma ni suali.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni vijana wangapi hukemewa kwa uvivu na hali uvivu si kosa lao. Kijana anayekemewa hivyo mara mbili tatu huamini kuwa hana akili, na akishaamini hivyo huiacha skuli hata kabla skuli haijamwacha.

Jambo hili si geni kwetu. Waliosoma vyuoni wanalijua neno mantiki, yaani elimu ya kufikiri kwa mpango, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kutamka. Na neno kiasi, tunalolitumia kila siku dukani, lina asili moja na kiyasi, yaani kukipima kitu kwa kingine. Chuoni tulianza kwa kuhifadhi, na kuhifadhi ni fadhila kubwa. Lakini hatua iliyofuata ilikuwa ni kukaa mbele ya mwalimu akatufasiria, akatuuliza, nasi tukajibu. Aliyeishia hatua ya kwanza ana hazina ndani ya sanduku asilokuwa na ufunguo wake.

Sasa nitaje mambo manne ambayo kijana anayatakiwa ayafanyie mazoezi.

Kwanza, amri ya suali. Taja, eleza, linganisha na jadili ni amri nne mbalimbali, wala moja haisimami mahali pa nyengine. Tuchukue mfano wa mazao yetu. Akiambiwa ataje mazao mawili ya biashara ya Zanzibar, karafuu na mwani vinatosha; ukurasa mzima wa maelezo hautamwongezea alama, bali utampotezea wakati. Akiambiwa aeleze kwa nini karafuu hustawi zaidi Pemba kuliko Unguja, lazima atoe sababu, kama vile rutuba ya ardhi na wingi wa mvua. Akiambiwa alinganishe kilimo cha karafuu na kilimo cha mwani, basi kila kipimo akitumie pande zote mbili: mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Anayeandika ukurasa juu ya karafuu, kisha ukurasa juu ya mwani, pasipo kuvikutanisha, hajalinganisha kitu.

Pili, maneno madogo. Na, au, baadhi, angalau, isipokuwa, si zaidi ya: haya ndiyo maneno yanayobeba suali, na ndiyo jicho linayoyaruka. Chukueni suali hili: vyote vifuatavyo ni visiwa vya Zanzibar isipokuwa Tumbatu, Mafia, Uzi, Kojani. Kijana mwenye haraka huliona jina la Tumbatu, akakumbuka kuwa ni kisiwa chetu, akalizungushia duara. Jiografia anaijua vyema, ila neno isipokuwa halikumfikia. Jibu ni Mafia.

Msidhani kuwa haya huishia skuli. Wakati mmoja ofisi moja ilitoa tangazo kwamba kila mwombaji alete cheti cha kuzaliwa au hati ya kiapo. Mzee mmoja alitoka shamba na cheti chake mkononi. Karani wa mapokezi, aliyekuwa amelisoma tangazo kwa haraka, akamwambia kuwa hati ya kiapo haimo, arudi nayo. Mzee yule aliporejea, muda wa kupokea maombi ulikuwa umekwisha. Kilichomrejesha shamba ni neno lenye herufi mbili tu. Na karani yule alikuwa na vyeti vyake vyote vya masomo.

Tatu, kutenga lililosemwa, linalofuatia na lisilojulikana. Hapa ndipo penye uzito. Sikilizeni maneno haya: "Mabaharia wote wa jahazi hili wametoka Nungwi." Yachukulieni kuwa ni kweli. Makame ni baharia wa jahazi hili. Je, ametoka Nungwi? Ndiyo, bila ya shaka. Shaame hakutoka Nungwi. Je, ni baharia wa jahazi hili? Siye. Haji ametoka Nungwi. Je, ni baharia wa jahazi hili? Wengi watasema ndiye. Jibu sahihi ni kwamba haijulikani, kwa sababu maneno hayakusema kuwa kila aliyetoka Nungwi ni baharia wa jahazi hili. Haji aweza kuwa mwalimu au muuza duka.

Vijana wetu huona haya kusema haijulikani, maana tumewazoesha kuwa kila suali lina ndiyo au siyo. Wengine hujibu kwa wanayoyajua mtaani: kwa kuwa Nungwi ni mashuhuri kwa uvuvi na uundaji wa vyombo, basi Haji lazima ni mtu wa baharini. Katika masuali ya namna hii jibu hutoka katika maneno yaliyoandikwa peke yake. Anayelizoea zoezi hili hapotezwi hata na uvumi wa barazani, kwani atauliza: hili limesemwa, au tumelidhania?

Nne, uhusiano wa neno na neno. Nahodha kwa jahazi ni kama nani kwa skuli? Kijana asiyezoea atajibu mwanafunzi, kwa sababu skuli humkumbusha wanafunzi. Mfundisheni auseme kwanza uhusiano wenyewe kwa sentensi kamili: nahodha huongoza jahazi. Kisha atafute anayeongoza skuli, naye ni mwalimu mkuu. Hapa hatuhitaji vitabu vya kununua, kwani tuna hazina ya vitendawili na methali. Mwambieni kijana: wazee wamesema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yupi mkweli? Mwacheni afikiri, kisha atoe mfano mmoja ambapo methali ya kwanza ndiyo inayofaa, na mfano mwengine ambapo inafaa ya pili. Akiweza kueleza kwa nini, amefanya zoezi zuri kuliko kuhifadhi methali hamsini.

Ndugu wazee, hapana shaka yupo atakayesema kuwa mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza, sasa vitendawili vya Kiswahili vitasaidia nini? Hoja hiyo ni ya haki, na mzigo huo ni mzito. Hata Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mwanafunzi hana budi kuzijua amri za masuali kwa lugha hiyo, azitie katika daftari na azijue tafauti zake. Lakini kuuliza neno gani limenambia hivi ni tabia ya akili, na tabia hujengeka upesi katika lugha ambayo mtoto huiota. Asiyejiuliza hivyo kwa Kiswahili hataanza kujiuliza kwa lugha ya kigeni, ndani ya chumba cha mtihani, saa ikimkimbilia.

Sasa tufanye nini majumbani? Napendekeza robo saa kila siku, baada ya sala ya Magharibi au wakati wowote nyumba inapotulia. Kijana asome kwa sauti kifungu kifupi cha gazeti, tangazo la Serikali au suali la mtihani uliopita. Kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe ametakiwa nini, kabla ya kujibu. Akishajibu, aulizwe: neno gani limekwambia hivyo? Aulizwe hata akiwa amepatia, maana anayepatia kwa bahati leo atakosea kesho. Mwanzoni asihimizwe kwa saa. Mazoezi ya kwenda na wakati yafuate akishazoea kusoma kwa utulivu.

Mzee asiyejua kusoma asijitoe katika kazi hii. Mtoto atasoma, yeye atauliza. Suali la neno gani limekwambia hivyo halihitaji cheti. Nimewaona akina bibi wanaolijua vizuri kuliko sisi wenye kalamu, kwa kuwa wamezoea kusikiliza.

Ndugu walimu, mnayo madarasa yaliyojaa na kazi nyingi ya kusahihisha, nami sikuja kukuongezeeni mzigo. Naomba moja tu: mwanafunzi anapojibu suali ambalo hakuulizwa, alama ya kosa iambatane na mstari chini ya neno alilolikosa. Atajua kuwa lililomkwamisha ni neno, si akili yake.

Nanyi watumishi wenzangu, tusiwatake watoto kile ambacho sisi hatukifanyi. Tuandikapo waraka au tangazo, tulisome kama atakavyolisoma mwananchi aliyetembea kutwa nzima kuja kwetu. Na tuliopo mapokezi, tulisome mara mbili kabla ya kumrejesha mtu.

Mitihani ya kidato cha nne na cha sita hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na ya ngazi za chini ni dhamana ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Hayo hatuna mkono nayo. Mkono wetu umo katika robo saa ya kila jioni. Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa elimu bila ya malipo katika visiwa hivi, na wengi tuliopo hapa, nami nikiwa mmoja wao, tumesoma kwa sababu ya mlango ule uliofunguliwa. Tusikubali mtoto aliyekwishaingia mlangoni atoke mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyemfundisha kulisoma suali.