Tusiache Mtungi wa Bibi Kisimani

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika)



Nimeombwa nizungumzie kukua kwa kanisa na kazi ya maendeleo. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana na kuwa KKKT. Leo kanisa letu, pamoja na Mekane Yesus la Ethiopia, ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Tunamshukuru Mungu. Lakini kukua huko nilikuelewa vizuri zaidi Jumapili moja nilipoalikwa kuhubiri katika mtaa mmoja wa kijijini, huku kanda ya kati.

Mtaa huo walianza kusali chini ya mbuyu. Sasa wana jengo la mita 12 kwa 20, lenye bati jipya, na bado watu hawaenei. Siku hiyo vijana walifunga turubai nje. Kwaya zilikuwa nne, na vigelegele vilinifanya nisahau karatasi yangu ya mahubiri. Watoto 11 walibatizwa. Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka: mayai, maboga, mahindi. Jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu. Nani asingefurahi?

Nilikuwa nimehubiri Yohana sura ya 4, habari za mwanamke Msamaria aliyeacha mtungi wake kisimani akaenda mjini kuwaita watu. Nilisema kwa sauti kubwa, “Ndugu zangu, nasi tuache mitungi yetu!” Watu wakaitikia amina.

Mnada ukiendelea, akapita bibi mmoja na ndoo kichwani. Nikamwamkia, “Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mahubiri nimeyasikia nikiwa kwenye foleni ya maji, spika zenu zinafika mpaka kisimani. Ila yule mama aliacha mtungi. Mimi nikiacha ndoo, wajukuu watakunywa nini?”

Alisema huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliinua macho nikatazama paa la kanisa: bati zuri, halina hata gata moja.

Ndugu zangu, hapa nakiri kosa langu. Bati lile lilitokana na mradi wetu, na taarifa yake kwa wafadhili niliiandika mimi. Niliandika kwamba mahudhurio yameongezeka, na ni kweli. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuhesabu waliofika ibadani, haikuwa na swali juu ya wasiofika. Fomu hiyo niliitengeneza mwenyewe.

Hebu tupige hesabu pamoja. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa lile lina mita za mraba 240. Katika maeneo kama Dodoma, mvua hufika milimita 550 hivi kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Hizo ni lita 132,000. Hata tukitoa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayopotea, zinabaki ndoo zaidi ya 5,000 za lita 20. Zote zilikuwa zinamwagika na kuchimba msingi wa kanisa.

Mchana ule nilikaa na wazee. Harambee iliyokuwa inakuja ilikuwa ya spika kubwa zaidi. Mzee mmoja alinipinga: “Mratibu, watu wanakuja kwa sababu ya kuimba.” Alikuwa na haki, na sikuja kuzima kwaya. Lakini mama mmoja wa kamati akauliza, “Na wanaosikilizia kisimani, tunawahesabu wapi?” Wakakubaliana kugawa fedha. Waliweka gata upande mmoja wa paa na simtanki la lita 10,000. Fundi aliweka bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege, na maji ya kunywa huchemshwa.

Kila Jumamosi jioni, kaya 20 za wajane na wazee huchota ndoo 2 kila moja. Mwaka wa kwanza maji yaliwafikisha Julai. Agosti foleni ilirudi, na baadhi ya viti vikawa wazi tena. Kwa hiyo kazi haijaisha: upande wa pili wa paa bado, na tanki la pili bado.

Kwa kamati, naomba mambo mawili. Kabla ya kuezeka, wekeni gata katika makadirio tangu mwanzo. Na kabla ya harambee, tembeleeni walio nje ya ibada mkawaulize kinachowazuia. Kwa wafadhili wetu, naomba mtuulize swali hilo hilo kila tunapowaletea taarifa nzuri. Msituonee haya.

Nimealikwa tena kuhubiri pale. Nitakwenda kwa furaha, maana kuimba kwao kunanijenga. Ila safari hii nitafika Jumamosi, nikapange foleni kisimani kwanza.