Nani Atoaye Kibali cha Redio Kambini?



Kituo cha redio kinapotaka kuanza kazi katika nchi huru huhitaji vibali vya namna mbili. Kimoja ni cha mahali, yaani minara isimame katika ardhi ya nani. Cha pili ni cha mawimbi, yaani kituo kitumie masafa gani bila kuwaharibia wengine. Mawimbi ni mali ya Taifa kama ulivyo mto au mgodi. Kwa kuwa hayaonekani kwa macho, ni rahisi kuyagawa bila mtu kushtuka.

Kituo kikiwa ndani ya kambi ya jeshi mambo hubadilika. Katiba ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika kifungu cha 48, inaziachia nchi wanachama uhuru kamili juu ya mitambo ya redio ya kijeshi. Hata hivyo zinatakiwa, kadiri inavyowezekana, kuzuia mitambo hiyo isiharibu mawasiliano ya wengine. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba mitambo hiyo ikiingia katika huduma za umma, kwa jumla haina budi kufuata kanuni za huduma hizo. Kwa hiyo redio ya kambini inayopiga muziki na kusoma habari haiwezi kujificha moja kwa moja nyuma ya jina la jeshi. Lakini jeshi likiwa la kigeni, kibali hakitafutwi tena mezani kwa ofisa wa mawasiliano. Kinakuwa kimefichwa ndani ya mkataba wa ulinzi uliotiwa saini na wakubwa, na huenda ofisa huyo hajapata kuuona.

Mfano ulio wazi kabisa uko Asmara, Eritrea. Huko Waitaliano walikuwa na kituo cha redio cha jeshi lao la majini, kilichoitwa Radio Marina. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na haupo mbali sana na ikweta. Kwa sababu hiyo hali ya anga la juu haibadiliki sana baina ya majira, na mawimbi ya masafa mafupi hupokelewa vizuri mwaka mzima. Wamarekani waliliona hilo, na mwaka 1943 askari wao wakaingia katika kituo hicho. Aliyewafungulia mlango ni Mwingereza, ambaye aliiteka Eritrea kutoka kwa Waitaliano mwaka 1941. Mwaka 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho, kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Tarehe 22 Mei 1953 Serikali ya Mfalme Haile Selassie ikatiliana saini na Marekani mkataba wa miaka 25. Kituo kikaitwa Kagnew, jina la kikosi cha Ethiopia kilichopigana Korea. Hivyo kibali kilitolewa mara mbili, na mara zote mbili wenye ardhi, Waeritrea, hawakuwa mezani.

Katika miaka ya 1960 maelfu ya Wamarekani waliishi Kagnew. Walikuwa na redio yao na televisheni yao, lakini hizo zilikuwa za kuwaburudisha askari. Kazi kubwa ya minara ilikuwa kupitisha mawasiliano ya Marekani na kuyanasa ya mataifa mengine. Kodi aliyolipwa Mfalme ilikuwa silaha na mafunzo. Kwa muda mrefu Ethiopia ilipata misaada ya kijeshi ya Marekani kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika kusini ya Sahara, na jeshi lililojengwa kwa misaada hiyo ndilo lililotumwa kuwapiga Waeritrea walioanza vita vya ukombozi mwezi Septemba 1961. Mwaka uliofuata Mfalme alilivunja shirikisho, na Eritrea ikafanywa mkoa.

Mwezi Aprili 1977 serikali ya Mengistu iliamuru kituo kifungwe, na Wamarekani wakapewa siku nne kuondoka. Waliokuwa wamebaki walikuwa wachache, kwani satelaiti zilikuwa zimekwisha ipunguzia Kagnew thamani yake. Mwaka 1979 wapiganaji wa Eritrea walianzisha redio yao wenyewe katika milima ya kaskazini, Dimtsi Hafash, maana yake Sauti ya Umma. Hakuna serikali iliyowapa leseni, na hapo wanasheria na wabishane wapendavyo.

Zanzibar nayo ililijua jambo hili. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliiruhusu Marekani kujenga huko kituo cha kuwasiliana na vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Kwa haki lazima isemwe kwamba kituo hicho kilikuwa cha kiraia. Hata hivyo wananchi waliandamana, wakihofu makombora. Na nani angewalaumu, wakati hawakuulizwa lolote? Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe, na kikaondolewa. Tanzania haikukataa kuwasaidia wengine kwa redio, maana Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika nafasi ya kutangaza. Lakini mitambo ilibaki mikononi mwa Taifa.

Kazi ya Kagnew haikufa. Sehemu yake ilihamia Diego Garcia, ambako Marekani ilifungua kituo cha mawasiliano mwezi Machi 1973, mwaka uleule ambao wenyeji wa mwisho wa visiwa vya Chagos waliondolewa. Tarehe 22 Mei 2025, miaka 72 kamili baada ya mkataba wa Kagnew, Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa miaka 99 juu ya kambi hiyo. Mamlaka ya Uingereza juu ya mawimbi ya redio kisiwani yameandikwa humo. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa hoja kwamba bila mkataba matumizi ya mawimbi hayo yangeweza kupingwa mbele ya vyombo vya kimataifa; wapinzani wake walikataa hoja hiyo.

Alfajiri ya siku hiyo mahakama ya London ilizuia utiaji saini, kwa ombi la wanawake wawili wazaliwa wa Diego Garcia, waliolalamika kwamba hawakushauriwa. Mchana zuio likaondolewa, na mkataba ukatiwa saini.