Asiyesikia la Mkuu: Tuliyojifunza Katika Useremala wa Kompyuta

Hotuba ya walimu na mafundi mbele ya kamati ya wakimbizi, Busasamana



Kamati imetupa nafasi sisi tuliotumwa kujifunza useremala wa mashine tuwaeleze tulichokiona. Tunashukuru sana. Tuanze na swali mlilotuuliza siku tuliporudi: je, mashine hiyo itatutengenezea madawati? Jibu letu ni hili: mashine inakata tu. Dawati linatengenezwa na watu, na kazi yake inaanza kabla mashine haijawashwa.

Kwa ambao hawajaiona, ni meza kubwa inayobeba plaiwudi nzima, futi 8 kwa 4. Juu yake kuna daraja la chuma linalokwenda mbele na nyuma. Darajani kuna mota iliyoshika kisu kinachozunguka kwa kasi, nayo huenda kushoto na kulia, hupanda na kushuka. Fundi huchora kila kipande kwenye kompyuta, kisha programu hugeuza mchoro kuwa amri: nenda hapa, shuka milimita kadhaa, kata mpaka pale. Mashine hutii amri moja baada ya nyingine.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1952 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Miaka ya 2000 ilipoanza, Profesa Neil Gershenfeld wa chuo hicho alianzisha karakana ndogo za watu wote ziitwazo Fab Lab, na mwaka 2016 karakana ya namna hiyo ilifunguliwa Kigali. Elimu hii basi haiko mbali nasi.

Sasa tuungame kosa letu. Tulichora dawati la watoto wawili lisilo na msumari hata mmoja: ndimi za ubao zinaingia katika matundu, kisha gundi. Karatasi iliyobandikwa kwenye plaiwudi ilisema unene ni milimita 18, nasi tukaandika 18. Mzee mmoja katika kundi letu, seremala tangu ujana wake, alipitisha kidole ukingoni akasema, "Wanangu, ubao huu ni mwembamba." Hatukumsikiliza. Tulijiambia kwamba mzee hajui kompyuta.

Mashine ilikata vizuri mno, tukapiga makofi. Tulipounganisha, dawati likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tukapima ubao: milimita 17. Kila tundu lilikuwa pana kuliko ulimi wake, na plaiwudi nzima ikawa hasara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzee wetu yupo hapa leo, nasi tunamwomba radhi mbele yenu nyote.

Ukikata kwa msumeno wa mkono na kukosea, mkono unasikia nawe unasimama. Mashine haisikii. Kosa la mchoro mmoja italirudia kwenye madawati hamsini bila kusita. Tangu siku ile mzee alikaa kando ya kijana anayechora, na hakuna ubao uliokatwa kabla hajaupima. Tulianza pia kukata ulimi mmoja na tundu moja kwenye kipande cha taka, tukijaribu kabla ya kukata plaiwudi nzima.

Tulijifunza na mengine. Kisu ni cha mviringo, kwa hiyo hakiwezi kuacha pembe kali ndani ya tundu. Lazima mchoro uongeze kijishimo kila pembe, la sivyo ulimi hauingii mpaka mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza mahali ilipokuwa, na fundi asiyeweka alama ya kuanzia hawezi kuendelea. Tena vumbi lake ni baya: bila miwani na kitambaa cha pua, usisogee.

Ndugu zetu, kwa nini tunasema haya yote? Sisi ni watu wa kuhama. Kambi ya Mudende, hapa jirani, ilishambuliwa mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena Desemba, na waliookoka walihamishiwa Gihembe. Mwaka 2021 Gihembe nayo ikafungwa, wakazi wakapelekwa Mahama. Nasi tulipokimbia tuliacha randa, patasi na misumeno. Mchoro wa dawati unaingia mfukoni, na ujuzi wa kupima uko kichwani na mkononi. Hivyo mtu hukimbia navyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, kamati isitafute fedha za kununua mashine. Tulipie kukatiwa mbao mjini, na kuunganisha tufanye hapa. La pili, ndugu wa mashirika, mkitaka kutuletea madawati yaliyokwisha tengenezwa, tuleteeni mbao. Dawati la kupewa likivunjika hukaa nje likinyeshewa. Tulilounganisha wenyewe tutalitengeneza tena. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, basi vijana wetu wapate kazi ya kuwalisha. La tatu, kila kijana atakayefundishwa kuchora kwenye kompyuta afundishwe pamoja na seremala mzee, benchi moja.

Dawati letu la pili liko pale mlangoni. Likalieni, mlitikise, mtuambie kama linacheza.