Mega tumekwisha lipa: maneno yetu ya Himbi juu ya simu za intaneti

Himbi, Goma, mwezi wa nne 2024

  Tunajua wengine wametoka Ndosho na Katindo kwa miguu, na giza inaingia mbio. Basi tutaongea jambo moja tu: simu tunazopiga kwa intaneti.

Mkipita mbele ya kabini yoyote ya hapa Goma, chini ya parasoli, mtasikia neno moja: "Niwekee mega tu, inite sitaki." Neno hilo ni dogo, lakini linawakosesha usingizi watu wenye pesa walio mbali na sisi. Wanabishana juu yake karibu miaka 20 sasa. Na wanapobishana, mara nyingi mwisho wake ni mtu mmoja analipa: wewe na mimi. Ndiyo sababu tumewaita.

Tuanze na namna hii simu inavyofanya kazi. Ukipiga kwa inite, kampuni inakufungulia njia na kuhesabu sekunde zako. Ukipiga kwa intaneti, programu inakata sauti yako katika vipande vidogo sana, inavituma kama inavyotuma ujumbe, na upande wa pili inaviunganisha tena. Dakika moja ya sauti, mara nyingi, haifiki hata mega moja. Tena umbali hauna bei: Goma na Kisangani, Goma na Nairobi, Goma na Brussels, mega ni zilezile.

Zamani, simu iliyotoka Ubelgiji ilikuwa pesa nzuri. Kampuni ya kule ilipaswa kulipa ya hapa ili sauti ifike katika sikio lako. Leo shangazi wa Brussels anapiga kwa WhatsApp, na ile pesa haionekani tena. Hapo ndipo ugomvi ulianzia.

Wenye pesa wenyewe hawajui vizuri hii kitu ina bei gani. Skype ilizaliwa mwaka 2003. Mwaka 2005 eBay iliinunua kwa dola karibu miliardi 2,6. Miaka miwili baadaye ilikubali kwamba ililipa kupita kiasi, ikafuta dola miliardi 1,4 katika hesabu zake. Watu wakasema simu ya intaneti imekufa. Mwaka 2011 Microsoft ikaichukua kwa miliardi 8,5. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza inanunua WhatsApp kwa miliardi 19, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi karibu 55 tu. Na wakati huo WhatsApp haikuwa hata na simu ya sauti. Hiyo ilikuja mwaka 2015.

Leo wenye pesa wamegawanyika katika kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni wenye minara. Wanasema: sisi ndio tunasimamisha minara, tunanunua mazutu ya jenereta, tunalipa walinzi na taksi za Leta, halafu watu wa programu wanapita juu ya rezo yetu bila kutoa hata franga moja. Mwaka 2023 kampuni kubwa za simu za Ulaya zilipeleka malalamiko hayo mbele ya Tume ya Ulaya. Katika hizo kulikuwa Orange na Vodafone. Orange tunaijua hapa. Vodafone ndiyo mwenye sehemu kubwa ya Vodacom. Kwa hiyo ugomvi wa Brussels na parasoli ya Birere ni jambo moja.

Kambi ya pili ni wenye programu. Wanasema: bila sisi hakuna mtu angenunua mega zenu. Mteja anataka WhatsApp, hataki mnara.

Tuseme ukweli, kila kambi iko na sehemu ya haki. Kusimamisha mnara katika Masisi wakati wa vita si mchezo, na mwenye pesa anaogopa kuweka dola mahali ambapo kesho risasi inaweza kupita. Ni kweli pia kwamba watu wananunua mega juu ya WhatsApp. Tunawasikia wote wawili.

Lakini angalieni nani hayuko kwenye meza. Hisa za Vodacom zinauzwa Johannesburg, za Airtel Africa London na Lagos, za Orange Paris. Huko ndiko bei ya sauti yetu inajadiliwa. Mama aliyekimbilia kambi ya Bulengo au Kanyaruchinya, anayetafuta habari za mtoto aliyebaki Rutshuru, haulizwi kitu. Kijana aliye na diploma na hana kazi, anayengoja interviu kwa simu ya intaneti na kuomba rezo isikatike, haulizwi kitu. Hata kolta ya Rubaya iliyo ndani ya zile simu imetoka kwetu, lakini tukifika kwenye bei tunakuwa wageni.

Sisi tunasema hivi: simu ya intaneti haiko ya bure. Mega tumekwisha lipa. Mwenye mnara amepata pesa yake siku tuliponunua. Akitaka tulipe tena kwa sababu ndani ya mega tumeweka sauti, ni kama mwenye chukudu amelipa kupita barabarani, halafu anasimamishwa tena mbele kidogo: "Kumbe umebeba viazi? Lipa tena."

Msidhani ni hofu ya bure. Serikali nyingine zilisikiliza kambi ya kwanza peke yake. Huko Maroko, mwezi wa kwanza 2016, kampuni zilifunga simu za intaneti. Watu wakakasirika, na mwezi wa kumi na moja zikafunguliwa. Uganda, jirani yetu, tangu mwezi wa saba 2018 ilimlipisha kila mtu shilingi 200 kwa siku ili atumie WhatsApp na mitandao mingine. Wengi wakakimbilia VPN. Mwaka 2021 taksi ile ikaondolewa, lakini ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Benin, mwaka huohuo wa 2018, iliweka taksi juu ya kila mega. Vijana wakapiga kelele, serikali ikairudisha nyuma mbele ya mwezi wa tisa kwisha. Na Lebanoni, mwezi wa kumi 2019, serikali ilitaka senti 20 za dola kwa siku juu ya simu za WhatsApp. Watu walijaa barabarani usiku uleule. Kabla ya mwezi kwisha waziri mkuu alijiuzulu.

Na sisi hapa? Nani amesahau RAM? Tangu mwaka 2020 walikuwa wanakata inite zetu ndani ya simu, bila kutuomba: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Walisema ni kwa kuandikisha simu na kuzuia za bandia. Watu katika inchi nzima walikataa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Haikuondoka kwa huruma ya mtu. Iliondoka kwa sababu raia walihesabu, wakauliza, wakaendelea kuuliza.

Kuna pia mambo ya Starlink. Mwezi wa tatu 2024 ARPTC ilikumbusha kwamba Starlink haikuwa na ruhusa katika Kongo. Sawa, sheria ni sheria. Lakini tunauliza: mkifunga mlango mmoja, mtafungua gani? Mtu wa Walikale hawezi kupiga simu kwa karatasi ya ARPTC.

Tukumbushe tena tarehe 31 desemba 2018. Kura ziliisha, intaneti ikakatwa, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Hapo tulielewa kwamba kuna ubaya kuliko bei, ni mkono ulio juu ya kizimio. Kadiri sauti zetu zote zinavyohamia kwenye intaneti, ndivyo mkono ule unavyozidi kuwa na nguvu: ukizima, unazima ujumbe, picha na simu kwa mara moja.

Basi tunaomba nini? Mambo manne.

Moja: taksi yoyote au ada yoyote juu ya simu za intaneti isiwekwe bila Bunge kuijadili wazi na raia kusikilizwa. RAM imetosha.

Mbili: sheria ya 25 novemba 2020 juu ya mawasiliano inasema huduma ifike kwa watu wote, na kuna mfuko wa kazi hiyo, FDSU. Watangaze kwa umma: pesa ngapi zimeingia, minara mingapi imesimama Kivu ya Kaskazini, na katika vijiji gani.

Tatu: ARPTC ipime ubora wa rezo kartier kwa kartier na kutoa matokeo. Kama wenye pesa wanataka kuongea juu ya bei, tuongee pia juu ya kile tunachopata.

Nne: intaneti isikatwe tena, si kwa kura, si kwa maandamano, si kwa vita. Katika vita ndipo watu wanaitafuta zaidi.

Kwa wenye pesa tuna neno moja la mwisho. Mkigombana, mgombane juu ya faida zenu. Mwenye programu akitaka kumpa mwenye mnara sehemu, ampe kutoka mfuko wake. Msikuje kuichukua katika ile mega ya mama wa Bulengo.

Barua kwa ARPTC iko hapa mezani. Isomeni kwanza. Yule asiyesoma Kifaransa, tutamsomea kwa Kiswahili mpaka aelewe kila mustari. Asiyekubali na neno fulani aseme, tulibadilishe. Anayekubali atie saini. Na kila mmoja abebe kopi moja kwa muuza inite wa kartier yake, kwa sababu yeye anasikia malalamiko ya watu kila siku kutupita sisi wote.

 Rudini nyumbani salama, na muende kwa makundi.