Rahisi Huvunja Upishi



Afisa anayeinunulia ofisi, chuo au hospitali ya umma huduma ya intaneti amekabidhiwa fedha za wananchi. Ni wajibu wake kubana matumizi. Lakini kubana matumizi si kukimbilia bei ya chini. Swali la msingi ni hili: huduma ikikatika, ni kazi gani itakayosimama, na hasara itabebwa na nani?

Mwuzaji akiahidi kuwa huduma itapatikana kwa asilimia 99, ahadi hiyo hupendeza masikioni. Mwaka una saa 8,760. Asilimia moja yake ni zaidi ya saa 87. Zikiangukia wakati wa kazi, ni karibu siku 11 za watumishi kukaa bure huku mishahara ikilipwa. Ahadi ya asilimia 99.9 huzishusha saa hizo hadi chini ya 9. Basi nyongeza ya bei ilinganishwe na thamani ya siku hizo.

Hata hivyo, kupenda kilicho ghali nako ni ubadhirifu. Shule inayotuma takwimu mara moja kwa mwezi yaweza kuvumilia siku nzima bila mtandao. Huduma ya kawaida, inayogawanywa kwa wateja wengi, yaitosha. Hospitali ambayo kumbukumbu za wagonjwa na malipo yake hupita mtandaoni haiwezi. Hiyo yahitaji njia ya akiba, hata kama kasi yake ni ndogo.

Na akiba iwe akiba ya kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Mwenye mikataba miwili na makampuni yaliyotegemea mikongo hiyo alikuwa amelipa mara mbili bila kupata kinga. Mnara wa simu husaidia waya wa mtaani unapokatwa na wachimba barabara. Baharini kukiharibika, huenda nao ukanyamaza. Hapo setilaiti ndiyo njia tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mkataba utaje mambo matatu: njia inayopitia huduma, muda wa kurekebisha hitilafu, na fidia muda huo ukipita. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mnunuzi mwadilifu huijua bei, lakini pia huujua upishi.