Malaika Alirudi Mara ya Pili

Mazungumzo ya ibada redioni
Somo: 1 Wafalme 19:1–8

 

Leo twasoma habari za nabii Eliya. Mtu huyu alikuwa ametoka kuona moto wa Mungu ukishuka mlimani Karmeli. Alikuwa na nguvu za kukimbia mbele ya gari la mfalme mpaka Yezreeli. Kisha, ghafula, twamkuta nyikani chini ya mretemu, amechoka hata anamwomba Mungu amwondolee uhai. Akalala usingizi.

Tutazame vema alilofanya Mungu. Hakumpelekea mtu wa kumhubiria, wala hakumwambia ya kuwa ni mvivu. Alimtuma malaika amguse, na hapo kichwani pake palikuwa na mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, kule Horebu. Mkate ulitangulia.

Ndugu wapendwa, twataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani mwetu hapa Vitengeni. Mama wa watoto wetu ametupa ruhusa. Alisema, “Liseme, Baba. Huenda yuko mwenzangu anasikiliza.”

Ilikuwa mwaka 2018. Anayeijua Vitengeni analijua jua la mwezi wa Februari: majani yamekauka, mbuzi wanagombea kivuli, na kila mtu anatazama mbinguni akingoja mvua ya masika. Katika joto hilo mama alijifunga leso mbili na kuvaa sweta. Sisi tulisoma chuo cha theolojia kule Limuru, kwenye mashamba ya chai, na baridi twaijua. Basi tulimcheka, tukamwambia, “Mama, hapa si Limuru.”

Kicheko hicho hakikudumu. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza nyumbani. Sasa jua lilimkuta kitandani, na akiamka alikuwa amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Alikuwa mwimbishaji katika Umoja wa Akina Mama. Sauti ikawa nzito, ikakwaruza, akaacha kuimbisha. Uso ulivimba, hasa chini ya macho. Ngozi ikakauka hata mafuta ya nazi hayakuifaa. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alinenepa ingawa chakula chake kilipungua. Choo kikawa kigumu, siku zake za mwezi zikawa ndefu na nzito. Akasahau majina ya watoto wa shule ya Jumapili aliowafundisha mwenyewe. Na tulipokuwa tukihubiri, yeye alisinzia kwenye benchi la mbele, kanisa zima likiona.

Watu walisema mengi. Wengine walisema amekuwa na maringo tangu awe mama mchungaji. Jamaa mmoja alituita kando akasema huyu amerogwa, akatutajia mganga. Tulikataa kwenda kwa mganga, na kwa hilo tulijiona tumesimama imara. Tulimpeleka kwenye vituo viwili vya afya. Akapewa dawa za malaria, kisha vidonge vya kuongeza damu, kisha akaambiwa ni mawazo. Tuliomba. Tulifunga. Maombi hayo hatuyajutii hata moja.

Lakini liko jambo moja tunalolijutia. Jumapili moja tulichukua somo la Mithali mlango wa 6, habari za mvivu na chungu. Tulihubiri kwa nguvu. Tulisema mambo makali juu ya watu wanaolala mchana. Hatukutaja jina, ila macho ya watu yalijua pa kutazama. Yeye alikuwa pale pale kwenye benchi la mbele, ameinamisha kichwa. Alipofika nyumbani hakutulaumu. Alipika, akatuandalia, akaenda kulala. Sisi tuliokula naye meza moja tulikuwa wa mwisho kuuona ugonjwa wake.

Aliyeuona ni muuguzi mmoja mstaafu, mama mtu mzima kutoka Mombasa, aliyekuja matangani. Alimsikia mama akimkaribisha chai kwa ile sauti nzito. Akamtazama uso, akamshika mkono uliokuwa baridi, akamwomba anywe maji kidogo huku akiitazama shingo yake. Kisha akatugeukia sisi: “Mchungaji, huyu si mvivu. Huyu ni mgonjwa. Mpelekeni akapimwe damu, apimwe tezi ya shingo.”

Siku ya tatu tulipanda matatu alfajiri, tukapitia Ganze mpaka Kilifi. Damu ilichukuliwa. Kipimo kile, ambacho wahudumu hukiita TSH, hakipatikani katika kila zahanati, tukangoja majibu siku kadhaa. Majibu yalipokuja, daktari alisema tezi imelegea, haifanyi kazi yake ipasavyo.

Tumejifunza nini juu ya tezi hii? Iko mbele ya shingo, chini ya kongomeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama gramu 20 tu. Lakini maji ya uhai inayotia katika damu, ambayo wataalamu huyaita homoni, ndiyo yanayouambia mwili wote uende kwa kasi gani: moyo, tumbo, joto, akili, hata ukuaji wa nywele. Ikilegea, mwili wote hupoa kama jiko ambalo makaa yake yanafifia. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwa wengine huanza baada ya kujifungua. Mara nyingi sababu ni kwamba kinga ya mwili huishambulia tezi yake wenyewe. Daktari mmoja Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliandika habari za hali hiyo mwaka 1912, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Hapana mtu aliyemroga mama huyu, wala hapana dhambi aliyokuwa akilipia.

Zamani wagonjwa wa namna hii walififia polepole hata wakafa. Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama mmoja wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo. Mama yule akapona uso, akapona sauti, akaishi miaka 28 zaidi, hata mwaka 1919. Ilimpasa kuendelea na dawa hiyo maisha yake yote. Kisha tarehe 25 Desemba 1914, siku ya Krismasi yenyewe, mtaalamu Edward Kendall kule Marekani alifaulu kuitenga homoni ya tezi ikiwa safi. Leo hatuhitaji kondoo. Homoni hiyo hutengenezwa kiwandani, ni kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini.

Mama alikianza kidonge hicho. Hatukuona muujiza wa siku moja. Wiki ya tatu alivua sweta. Mwezi wa pili akaanza kuamka kabla yetu. Mwezi wa nne tulisikia sauti jikoni, tukasimama mlangoni tukisikiliza: alikuwa akiimba.

Wapenzi wasikilizaji, laiti hadithi ingeishia hapo. Sasa sikilizeni lile lililotufanya tuchague somo la leo.

Alipopata nafuu, rafiki wa ibada alimwambia, “Dada, kama Bwana amekuponya, vidonge vya nini tena? Si ni kumwonea Mungu mashaka?” Mama akatuuliza sisi. Nasi, wachungaji tuliosoma chuoni, tulinyamaza. Kusema kweli, ndani ya moyo tulifurahi kidogo, maana dawa ilikuwa na gharama na safari ya Kilifi ina nauli. Akaiacha. Akasimama kanisani akashuhudia, watu wakapiga vigelegele.

Katika muda wa miezi mitatu makaa yalififia tena. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Miguu ilivimba, moyo ukaenda polepole, na maneno yakamtoka kwa shida. Tulikodi gari usiku, tukashika njia ya Kilifi huku tukiomba toba.

Tulitazamia kukemewa. Mganga wa zamu alisikiliza hadithi yote, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Tutaanza tena.” Hakuongeza neno. Akaandika dawa ile ile.

Hapo ndipo tulipomkumbuka malaika. Eliya alikula mkate mara ya kwanza, akalala tena. Malaika angeweza kusema, “Nilikwisha kukulisha, umelala tena?” Hakusema hivyo. Alirudi mara ya pili, akamgusa, akamwandalia tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Na kwa chakula hicho Eliya alikwenda siku 40. Wala hatusomi popote ya kuwa Eliya alikula kwa haya, akidhani kula ni kukosa imani.

Mama yetu husema hivi sasa: “Wana wa Israeli waliokota mana kila asubuhi, na hakuna aliyewaambia kwamba mana ya leo ni mashaka juu ya mana ya jana.” Basi kila alfajiri humeza kidonge chake kwa maji, humshukuru Mungu, kisha huwasha moto wa chai.

Ndugu zetu, tusiwaache na ushuhuda tu. Twawaachia na mashauri machache tuliyopewa na wauguzi.

Si kila uchovu ni tezi. Upo upungufu wa damu, ipo sukari, ipo huzuni ya moyo. Ndiyo maana twasema: pimwa, usibahatishe. Ukiona uchovu usiokwisha, kuhisi baridi wenzako wakitokwa jasho, ngozi kavu, sauti nzito, kunenepa bila kula, au uvimbe shingoni, nenda kituo cha afya ueleze yote kwa pamoja.

Ukipewa dawa hii, imeze kabla ya kula, kwa maji matupu, ungoje nusu saa hata saa moja ndipo unywe chai au maziwa. Vidonge vya kuongeza damu na vile vya kalsiamu vipishe kwa saa nne, maana huizuia dawa isiingie mwilini. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, ili daktari ajue kama kipimo kinatosha. Usikiongeze mwenyewe, usikipunguze. Na mama mwenye tezi hii akishika mimba, amwambie muuguzi mapema, maana mara nyingi dawa huhitaji kuongezwa, na ubongo wa mtoto tumboni huitegemea homoni hiyo.

Na chumvi je? Sisi wa pwani twajivunia chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya huvunwa hapa kwetu, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Lakini chumvi ya bahari ikikauka juani hubaki na madini ya iodini kidogo mno, na tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini hayo. Kwa hiyo huongezwa kiwandani, na tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya yalazimisha hivyo. Basi nunua chumvi ya pakiti iliyotiwa iodini, uifunike vema isipate unyevu. Hiyo huwakinga watoto wetu na rovu la shingo. Ila mtu ambaye tezi yake imekwisha kulegea kama mama yetu, kula chumvi nyingi hakumponyi. Kutamletea shinikizo la damu bure.

Neno la mwisho ni kwetu sisi waume, sisi wazee wa kanisa, sisi wachungaji. Kabla hatujachagua somo la Mithali kwa ajili ya mtu fulani, tumguse kwanza mkono tuone kama ni wa baridi. Baada ya yale yote, tulisimama mbele ya kanisa letu tukaomba radhi, kwa mama kwanza, kisha kwa watu wote. Haikuwa rahisi. Alikuja mbele akatushika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

Tuombe. Ee Baba yetu, wewe uliyemlisha mtumishi wako chini ya mretemu, waangalie wote waliochoka na wasiojua sababu. Wape wa kuwaona. Wabariki wauguzi na madaktari, na mikono inayotengeneza dawa. Utusamehe sisi tuliowahukumu wagonjwa. Na yule aliyeacha dawa yake akaanguka tena, mpe moyo wa kurudi, maana wewe nawe hurudi mara ya pili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.