Kazi Isiyoandikwa Haihesabiwi

Haya ni maneno ya afisa wa maendeleo ya jamii alipozungumza na wanachama wa vikundi vya wanawake vya kujitolea kutoka Malaba na Busia. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Nawashukuru kwa kuja. Najua wengine wenu mmefunga vibanda, na wengine mmemwachia jirani mizigo ya ndizi pale karibu na forodha, kwa hiyo moyo uko huko. Sitawaweka sana. Nina neno moja tu leo. Kazi mnayoifanya bila malipo katika vijiji vyetu ni kazi ya maendeleo. Lakini haiandikwi, na kwa kuwa haiandikwi, haihesabiwi. Isipohesabiwa, haitengewi hata shilingi moja.

Sisi watu wa mpakani tunalijua jambo hili. Neno bodaboda lilizaliwa hapa kwetu, vijana walipokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Leo neno hilo liko kote Afrika Mashariki. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kumtaja kijana wa kwanza kufanya kazi hiyo? Hakuna aliyeandika. Sitaki kazi ya akina mama iende njia hiyo hiyo.

Mwezi wa Septemba mwaka 2015, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yatimizwe ifikapo mwaka 2030. Kenya ni mmoja wao. Mtu akisikia maneno hayo hudhani ni mambo ya New York na Nairobi. Hebu tuyatafute hapa Malaba.

Lengo la 1 ni kumaliza umaskini. Mwanachama akifiwa, nani hufika wa kwanza na unga na sukari? Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mama huenda wapi kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa riba kubwa? Huenda kwenye kisanduku cha kikundi. Kile kisanduku cha kufuli tatu, ambacho funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, kina ndugu zake duniani. Mwaka 1991 nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuweka akiba na wanawake wa vijijini kwa njia kama hiyo, na baadaye mtindo huo ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo kikundi chako si mchezo wa akina mama wa kupitisha wakati. Ni benki ya mahali ambapo benki haijafika.

Lengo la 2 ni kumaliza njaa. Nani anafundisha jirani kupanda mrenda, saga, kunde na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ili watoto wapate vitamini? Na tukumbuke mwezi wa Machi mwaka 2021, mahindi kutoka Uganda na Tanzania yalipozuiwa kuingia Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache yaliruhusiwa, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mama mwenye magunia mawili atapimia wapi? Kinga yake ya kwanza ni kukausha vizuri: kutandaza mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyaanua kabla ya mvua, na kuweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Somo hilo likifundishwa na kikundi, uani kwa mwanachama, hilo ni Lengo la 2 na Lengo la 3 kwa pamoja.

Lengo la 3 ni afya. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria mwezi wa Septemba mwaka 2019, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizochaguliwa kuanza. Chanjo hiyo ina dozi 4. Tatu za kwanza mama huzikumbuka, kwa sababu mtoto bado ni mdogo na kliniki ni za karibu karibu. Ya nne huja mtoto akiwa tayari anatembea na mama amerudi sokoni, na hiyo ndiyo rahisi kusahaulika. Tuna wahamasishaji wa afya ya jamii, na tangu mwaka 2023 wana vifaa, simu na posho inayochangiwa na serikali ya kitaifa na ya kaunti. Lakini mhamasishaji mmoja ana nyumba nyingi. Anayemwambia kwamba mama fulani amehamia kwa dada yake upande wa Tororo, na mtoto hajamaliza chanjo, ni nani? Ni mwanachama wa kikundi.

Halafu kuna biashara, ambayo ndiyo maisha yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umetengenezwa au kulimwa katika nchi za Jumuiya na ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa pale pale mpakani, na haulipiwi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea na ada nyingine bado zipo, hilo tusidanganyane. Lakini mama asiyekijua cheti hicho hupita njia za panya. Huko anaweza kunyang'anywa mzigo au kudhulumiwa, na hana mahali pa kulalamika kwa sababu yeye mwenyewe alipita pasipo halali. Mwanachama anayewafundisha wenzake kujaza fomu hiyo, Jumapili jioni baada ya kanisa, anafanya kazi ya Lengo la 5 la usawa wa wanawake na Lengo la 8 la kazi yenye heshima.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma, nikiandika ripoti, nilipofika kwenye Lengo la 6 la maji safi nilihesabu visima. Nilihesabu saruji na pampu. Sikuwahesabu akina mama waliokuwa wakichanga shilingi kila mwezi kununua vipuri, wakifagia pale kisimani, na kukaa zamu ili watoto wasicheze na mpini. Kisima bila wao kingekuwa chuma kilichosimama. Ripoti yangu ilisema ukweli nusu.

Nusu ya pili ina uzito. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja anatoa saa 3 kwa wiki kutembelea wagonjwa, kusafisha kisima au kufundisha. Hizo ni saa 60 kwa wiki. Kwa mwaka wenye wiki 52, ni saa 3,120. Gawanya kwa siku ya kazi ya saa 8, unapata siku 390. Mwaka una siku 365. Maana yake, kikundi kimoja kinatoa kazi ya mtu mmoja anayefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika hata Jumapili, na bado siku zinabaki.

Siwaambii haya ili kuwasifu tu. Saa hizo zinatoka mahali fulani. Zinatoka katika shamba lako, katika kibanda chako na katika usingizi wako. Ndiyo maana Lengo la 5, katika kipengele chake cha 4, linazitaka nchi zitambue kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo, na kuzipunguza uzito kwa huduma za umma. Kujitolea ni jambo jema, lakini hakuondoi wajibu wa serikali. Kama kila wiki mnabeba maji kupeleka zahanati, shukrani peke yake haitoshi. Jibu ni bomba. Lakini bomba linaingia kwenye bajeti kupitia karatasi, na karatasi hiyo inahitaji hesabu yenu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza ni daftari. Najua mnalo la fedha, na mweka hazina analilinda kama mtoto. Nunueni la pili, la kazi. Msiandike "tulitembelea akina mama". Andikeni hivi: "Jumanne. Wanachama 6, saa 3. Nyumba 18. Watoto 5 hawajapata dozi ya nne. Watatu wamepelekwa zahanati." Mistari miwili inatosha. Asiyejua kuandika aseme, binti yake aandike. Ila kuna jambo moja la kuchunga: majina ya wagonjwa na magonjwa yao yasiingie humo. Siri ya mtu ni mali yake, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Andikeni idadi tu. Na msizidishe. Nambari moja ya uongo ikigunduliwa, daftari zima halitaaminiwa tena.

La pili ni usajili. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na viongozi waliochaguliwa, kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake, na kinaweza kuomba mkopo wa Hazina ya Biashara ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007. Kikundi kisichosajiliwa, mwenyekiti akihama na pesa, mtamshtaki kama nani?

La tatu ni kufika kwenye vikao. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupikwa mapema. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukija mwezi wa Juni kuomba bomba la zahanati, chungu kimeshaepuliwa. Katiba inampa mwananchi haki ya kushiriki katika mambo hayo. Tangazo la kikao likibandikwa kwa chifu au katika ofisi ya wadi, tumeni wanachama wawili: mmoja azungumze, mwingine ashike daftari. Mtu akisimama na kusema "tunateseka", ofisi huandika "wananchi wanalalamika". Akisimama na kusema "mwaka huu tumebeba maji hadi zahanati siku 104, na haya ndiyo maandishi", hapo afisa huwa na kazi ya kujibu.

Nanyi wazee wetu mliokaa kule nyuma, nimewaona. Daftari hili si la kuwashtaki. Lakini mama akirudi jioni kutoka kisimani, kuwasha moto si dhambi kwa mwanamume.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Zitatolewa hotuba nyingi, huenda na fulana pia. Chukueni fulana. Lakini fulana huchakaa, na daftari hubaki. Mpango wetu wa sasa wa kaunti ni wa mwaka 2023 hadi 2027, na baada ya huo utaandikwa mwingine. Ule utakaofuata ndio utakaotufikisha mwaka 2030. Ningependa, siku utakapoandikwa, kila wadi kutoka Malaba hadi Bunyala iwe na rundo la madaftari mezani, na yeyote atakayekaa kwenye kiti changu asiandike tena ukweli nusu kama nilivyoandika mimi.

Daftari la kurasa 200 ni bei ndogo. Mkipita dukani leo mkirudi nyumbani, nunueni. Ukurasa wa kwanza andikeni tarehe ya leo, na idadi yenu mliokuja hapa, na saa mlizotoa. Hata kunisikiliza mimi ni kazi.